Mwaka Nilioitwa Mama Imbwa

Mwezi uliopita tulimzika Mama Esperansi, na kutoka makaburini tukarudi Husby, mtaa wetu huku kwa Waswidi, kula kwenye ukumbi ule ule tuliokuwa tunakodi zamani kwa harusi na ubatizo. Nilikuwa nimeinamia sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, nikilia taratibu, machozi yananidondokea kwenye chakula, mara nikasikia sauti kutoka mlangoni: "Mama Imbwa! Kumbe uko huku!" Nilijua ni Papa Zawadi wa kikundi chetu cha maombi kabla sijainua kichwa. Kichwa chake sasa kimekuwa cheupe chote, goti moja halikunjiki, lakini sauti ni ile ile ya mtu anayesalimia kijiji kizima. Akavuta kiti, akaketi karibu yangu, na vijana waliozaliwa hapa wakamzunguka, maana wanajua akikaa hivyo kuna hadithi. Akawasimulia ya Siksteni, mbwa aliyefeli mtihani wa tabia njema akaombewa na kanisa zima. Vijana walicheka mpaka wakashika meza, wakawa wanaulizana kwa Kiswidi kama ni kweli. Hata mimi nilicheka, na msiba ule ulikuwa wangu kuliko wa wengi. Papa Zawadi anaisimulia vizuri kunishinda. Ila kuna mahali kila akifika anaruka, na akiruka ananitazama kidogo, kisha anaendelea. Nimemwacha aruke miaka yote hii. Leo nataka kuisimulia bila kuruka.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, simu bado zina vitufe, nami nimepanga chumba kwa Mama Esperansi. Mama huyu alikuwa mjane wa Bukavu, anasafisha ofisi kule Kista, ana kifua cha kuimba sauti ya pili na mdomo usiojua kunong'ona. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kabati lisilofunga, na dirisha la kutazama maegesho ya magari. Jiko ndilo lilikuwa nyumba yenyewe. Pale ndipo ndagala, dagaa za kwetu, zilikaangwa huku dirisha limefunguliwa katikati ya theluji ili jirani wa juu asilalamike, pale ndipo watu walisemwa, pale ndipo mtu aliyeachwa alilia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao upande wa Spånga: kumwogesha huyu, kumpashia yule viazi, kumvisha mwingine soksi zile za kubana miguu. Mmoja wao aliitwa Birgit. Alikuwa mshonaji wa mapazia ujanani, mwembamba kama fimbo ya pazia vilevile, na alikuwa hakubali nimhudumie kabla sijaketi nikanywa kahawa. "Ukisimama unanitia haraka," alikuwa akiniambia. Chini ya meza yake alilala Siksteni, mbwa wa rangi ya kahawia asiyejulikana kabila, sikio moja limesimama na jingine limekunjika. Nilikuwa namwogopa. Baada ya msimu mmoja wa baridi nikajikuta namvulia kiatu nimkune mgongo kwa kidole cha mguu huku nakunywa kahawa.

Vuli ile Birgit alianguka jikoni, nyonga ikavunjika, na kutoka hospitali hakurudishwa nyumbani. Walimpeleka kwenye nyumba ya wazee, ghorofa ya pili, chumba chenye kitanda cha kupanda na kushuka. Mwanawe aliishi mbali kaskazini, akaja siku mbili, akauza meza, akasema mbwa naye ni mzee, ampeleke kwa daktari wa mifugo apumzishwe kwa sindano. Alitumia neno hilo hilo, apumzishwe, kama vile Siksteni alikuwa amechoka na kazi. Birgit akanishika mkono wa sweta. Akaniambia pale wanaruhusu mbwa aingie kumtembelea mgonjwa, lakini lazima kwanza apimwe tabia na kupewa cheti: asirukie watu, asibweke, asichukue chakula, akubali kusalimiwa na mgeni. "Siksteni ana adabu kuliko mwanangu," akasema. "Mchukue tu mpaka apite, Faida. Nikiwa naye nitakula." Maana alikuwa amekwisha kuacha kula, anaonja tu. Nikasema ndiyo. Kazini wakaniambia nikimchukua ni shauri langu mwenyewe, wao hawamo.

Mama Esperansi alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Faida. Ile ni nini?" Nikamwambia ni Siksteni. "Sikuuliza jina. Naona ni imbwa. Nauliza inafanya nini mu nyumba yangu. Kwetu imbwa inalinda mulango, hailale kwa matela!" Nikamweleza habari za Birgit, akasikiliza huku anatikisa kichwa, mwisho akatoa hukumu: alale kwenye baraza, godoro asilione. Usiku huo theluji ilianguka. Asubuhi nilimkuta Siksteni jikoni, amelazwa juu ya kitenge kizee chenye picha za kuku, mbele yake bakuli la ugali na mchuzi. Nikamtazama Mama Esperansi. "Usiniangalie," akasema, "ni ile macho yake." Hatukuongea tena habari ya baraza.

Basi kama mambo yangeishia ndani ya jiko lile, ningekuwa mtu mwenye amani. Lakini kila Jumatano jioni kikundi cha maombi kilikutana kwetu, na Jumatano ya kwanza nilikuwa chumbani na Siksteni, mlango umeegeshwa, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Jikoni walikuwa Mama Jolie na mwenzake wanakaanga mandazi. Nikasikia Mama Jolie anamsema dada mmoja aliyeolewa na Mswidi. "Umemuona? Anatembeza imbwa. Inakunya, yeye anainama anaokota na mukono, anafunga mu mfuko, anatembea nayo sawa sakoshi ya mukononi!" Mwenzake akaguna. Mama Jolie akaongeza, na hili alilisema bila ubaya, kama mtu anayetaja bei ya unga: "Mwanamuke akikosa mutoto, anazaa imbwa." Wakacheka. Mimi nilikuwa nimepita thelathini, sina mume, sina mtoto, na mfukoni mwa koti langu nina mifuko ile ile, bluu, imekunjwa vizuri. Masikio yaliniwaka. Hakuna aliyekuwa amenisema mimi. Nilijisema mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikaanza kujificha. Jumatano nilikuwa nasikiliza lifti. Ikifunguka tu kwenye ghorofa yetu, na ile "Bwana asifiwe!" ya kwanza ikisikika, nazungusha kamba kwenye mkono mpaka inakuwa fupi kabisa, namshika Siksteni mdomo, nateremka naye kwa ngazi za nyuma hadi kwenye kibanda cha taka. Tulikuwa tunakaa humo na baridi yetu mpaka nione taa ya sebule imezimwa. Nje pia ilikuwa hivyo. Nikiona kitenge kinakuja kutoka kituo cha treni, au nikisikia Kiswahili tu kwa mbali, navuta kamba, nageuka, tunapita nyuma ya chumba cha kufulia. Wazungu wakitaka kumshika kichwa niliwaachia, nikatabasamu, hata nikawaambia jina lake. Mama Esperansi alikuwa akiniuliza mbona siku hizi nakosa maombi. Nikamwambia mbwa anataka kutoka. Na kweli Siksteni akawa anataka kutoka, maana akisikia lifti tu nywele zake za mgongo zinasimama. Mimi nikadhani ni uzee.

Siku ya mtihani ilikuwa ya jua kali na barafu. Tulifanyia uani, nyuma ya ile nyumba ya wazee. Mpimaji alikuwa mama wa Kiswidi mwenye nywele fupi na mabuti ya mpira, anaongea kidogo. Juu, dirisha la ghorofa ya pili, Birgit alikuwa ameletwa na kiti chake cha magurudumu, amepaka rangi ya mdomo. Siksteni alipita mbele ya soseji iliyowekwa chini asiiguse. Alikaa, akangoja. Kiti cha magurudumu kikapita karibu na mkia wake, sinia likaangushwa nyuma yake kwa kelele, akageuza sikio lile lililosimama, basi. Nikaanza kujivuna. Ikabaki kipengele cha mwisho: mgeni anakuja, anampa mwenye mbwa mkono, wanasemezana kidogo, kisha anamshika mbwa kichwa. Mgeni alikuwa mfanyakazi mmoja wa pale aliyejitolea. Mlango ukafunguka, akatoka Papa Zawadi.

Tulijua Papa Zawadi anatunza wazee, lakini nani alimuuliza wapi? Aliponiona akasahau kwamba huo ni mtihani. Akafungua mikono yote miwili, akaja kwa ile furaha yetu ya kusalimiana, na sauti yake ikajaa ua mzima: "Dada Faida! Bwana asifiwe!" Sikuitikia. Nisingeweza kukwambia nilifikiri nini, maana sikufikiri. Mkono wangu ulizungusha kamba, mguu wangu ukageuka. Siksteni akaruka. Alibweka kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, meno nje, akamshika Papa Zawadi pindo la suruali ya kazi akalipasua. Papa Zawadi akarudi nyuma mikono juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Nikainua macho dirishani. Birgit alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mpimaji akaandika kitu, akaja kwangu. Akaniuliza taratibu, kwa Kiswidi kilichonyooka, Papa Zawadi akisikia kila neno: "Huwa anawabwekea watu weusi?" Jamani. Mimi hapo nimesimama na weusi wangu wote, nimeshika kamba. Akaniambia wafanyakazi wengi wa pale wanatoka Afrika, mbwa wa namna hiyo hawezi kuingia. Nikataka kusema, lakini mimi ndiye ninayempa chakula, lakini analala kwenye kitenge, lakini Mama Esperansi anamkatia nyama. Yeye akanyoosha mkono, akaichukua kamba, akaiacha ining'inie, akamwomba Papa Zawadi aje tena. Nilitaka kumwambia asije. Papa Zawadi akaja, pole pole sasa, akatoa salamu ile ile kwa sauti ya chini. Siksteni akanusa kiatu chake, akatikisa mkia. "Mbwa hana neno na huyu bwana," mpimaji akasema, akinirudishia kamba. "Mbwa anasoma mkono wako. Mkono ukimwambia hatari inakuja, anakuamini. Rudi ukishajifunza kulegeza." Papa Zawadi akainama akatazama suruali yake, akanitazama mimi, akasema kitu kimoja tu kwa Kiswahili: "Kumbe uko na imbwa." Aibu niliyoipata pale uani siwezi kuipa jina. Mbwa wa watu, aliyekuwa hajui ubaya, nilikuwa nimemfundisha kuwachukia watu wangu. Hapo ndipo Papa Zawadi huruka.

Nafasi ya kurudia mtihani ilikuwa ya kungoja, na Birgit hakuwa na muda wa kungoja. Nikienda kumwona peke yangu alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye mlango, kisha anafumba macho. Rangi ya mdomo aliacha kupaka. Nilimwambia Mama Esperansi yote nikimenya ndizi, na kilio kikanizidi mpaka akaninyang'anya kisu. Nilidhani atanitukana. Akaosha mikono, akaketi. "Mimi nilifikiri unaficha imbwa," akasema. "Kumbe unajificha weye. Na mu kibanda ya taka ulifuata nini? Mimi niko hapa na maziwa na mandazi!" Jumatano iliyofuata, lifti ilipofunguka nikakimbilia msumari tunapotundika kamba. Kamba haikuwapo. Mama Esperansi alikuwa ameifunga kiunoni chini ya kitenge chake, amesimama mbele ya mlango. "Leo hutoke."

Kwa desturi yetu, kabla ya kuomba kila mtu hutaja haja yake na wengine hujibu amina. Mmoja alitaja makaratasi ya kijana wake, mwingine goti, mwingine dada aliyebaki kambini. Mambo mazito, ya kweli. Mama Esperansi akasema, "Faida naye ana haja." Nikasimama katikati ya sebule ile. Nikasema nina mbwa, ana mtihani wa kurudia, alifeli kwa sababu yangu, na bibi mmoja anamngoja, hataki kula. Kisha Mama Jolie: "Mutihani? Imbwa ndiyo inafanya mutihani? Na sisi Kiswidi kinatushinda!" Sebule ikapasuka. Mimi nikalia mbele yao wote, kamasi na kila kitu, na wao wakaacha kucheka mmoja mmoja. Hapo Papa Zawadi akainuka. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, akainua mguu, wakaona ule mpasuko. "Ni mimi alibwekea," akasema. "Basi ni mimi nitaanza." Akatoka nje, akafunga mlango, akabonyeza kengele.

Hiyo ndiyo sehemu vijana wanaipenda. Kanisa zima likapanga foleni kwenye ngazi. Mmoja anabonyeza kengele, anaingia, "Bwana asifiwe!", ananipa mkono, anauliza habari za kazi na za nyumbani, Siksteni kaketi kando yangu anatetemeka. Kila aliyeingia, mkono wangu wa kamba ulitaka kukunjwa, na Papa Zawadi aliyesimama nyuma yangu alikuwa ananiambia, "Mukono, Dada Faida. Mukono." Mama Jolie aliapa kwamba hatamgusa mnyama yule, atatoa salamu tu. Vidole vyake vilikuwa na harufu ya mandazi. Siksteni akavilamba vyote vitano. Mama Jolie akapiga kelele "Yesu wangu!" mpaka jirani wa chini akagonga dari yake, kisha akatazama mkono wake, akaurudisha pale pale alambwe tena. Tulifanya hivyo kila Jumatano. Jumapili baada ya ibada nikawa napita naye katikati ya uwanja wa Husby, mchana, mfuko wa bluu mkononi, nasalimia kila mtu kwa jina. Wengine walicheka, watoto wakaniita Mama Imbwa, na mimi nikaitika. Suruali ya Papa Zawadi niliishona mimi. Uzi haukulingana rangi, nikataka kumnunulia mpya, akakataa, akasema imeshapona.

Mara ya pili Siksteni alipita. Mgeni alikuwa Papa Zawadi tena, kwa ombi lake mwenyewe, na alitoa salamu kwa sauti ile ya kujaza ua. Mimi nikaitikia "Amina!" kwa nguvu, kamba ikaning'inia hadi chini, Siksteni akamwegemea miguuni kama anamfahamu siku zote. Papa Zawadi husema kwamba mbwa alinyoosha mguu akampa mkono. Hakunyoosha, lakini nani atambishia. Mpimaji akatabasamu kwa mara ya kwanza, akatupa cheti, na hapo hadithi ya Papa Zawadi huishia. Vijana hupiga makofi.

Sisi tulipanda ghorofani. Nilikuwa nimetazama dirishani wakati wa mtihani na sikuona mtu. Birgit alikuwa kitandani, kitanda kimeinuliwa kidogo, amekuwa mdogo ndani ya gauni la kulalia, mkono umebaki mifupa. Maua ya mwanawe yalikuwa yamekauka kwenye chombo. Alifariki kabla miti haijatoa majani, na Siksteni akabaki nami hadi alipokufa kwa uzee wake, juu ya kitenge chenye kuku. Ziara zote walizopata pamoja ningeweza kuzihesabu kwenye vidole, na zile walizokosa najua zilikwenda wapi: zilikwenda kwenye kibanda cha taka. Siku hiyo ya kwanza Papa Zawadi aliingia na bakuli la supu, mimi na Siksteni nyuma yake, kucha za mbwa zinagonga sakafu. Birgit hakufumbua macho. Siksteni akaweka kidevu kitandani, akapumua. Mkono ule ukatembea juu ya shuka, ukapapasa, ukalifikia sikio lililokunjika, ukatulia hapo.

"Mbona umekawia hivi?" akasema.

Alimuuliza mbwa, si mimi. Siksteni akamlamba kifundo cha mkono. Mimi niliyekuwa na jibu, na Kiswidi cha kulisema, nikatazama sakafu. Nikasema, "Foleni ya mtihani ilikuwa ndefu, Birgit." Nikaisikia sauti yangu inavyodanganya, nikamngojea Papa Zawadi. Alikuwa anakoroga supu ipoe, mguu mmoja mbele, ule wenye uzi usiolingana.

"Ndefu sana," akasema. "Haya sasa, mama, fungua mdomo. Mgeni wako amefika."

Na Birgit akala.